Habari za Mwinjuma wa Miono na Kasuku Aliyeiteka Kofia ya Arusi

Tegeni masikio, enyi mlioketi barazani, nanyi mpitao na mizigo kichwani! Tueni mizigo, tulizeni watoto, vuteni mkeka huku kivulini, maana habari niliyokuja nayo leo si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wako watakaowaimbieni wafalme waliobomoa ngome na manahodha waliopasua bahari saba. Hayo nimewaachia wenyewe. Mimi nataka kuwapeni habari za Mwinjuma bin Mwinshehe, simba wa Miono, tishio la ngedere, mfukuza nguruwe mwitu katika mashamba ya ufuta. Na za mkewe Mwanahija, malkia wa sindano. Na za vita walivyopigana mchana kweupe katika mji wa Bagamoyo, zama zile bendera nyekundu ya Unguja ilipokuwa bado yapepea juu ya forodha, na pembe za ndovu zikiingia mjini kwa ngoma kama maharusi.

Nami sikuyaokota njiani. Nimeyapokea kwa bibi yangu, ambaye siku ile alikuwa dirishani, na dirisha lake, asema, lilikuwa zuri mno kwa kuonea mambo ya watu. Wako wasemao ndege yule alikuwa kunguru. Wasisikilizwe. Alikuwa kasuku.

Basi jueni kwanza ya kwamba Mwinjuma alikuwa na sifa zote za shujaa: kimo kirefu, kifua kipana, na shingo iliyonyooka kama mnazi. Lakini Mwenyezi Mungu, ambaye hamkamilishi mja wake, alikuwa amempa ulimi usiojua Ijumaa wala Jumamosi. Mwinjuma alisema akilima, akasema akila, akasema akiwa amelala. Huko Miono watu walipotaka mvua ipite walimwambia Mwinjuma aizungumzie, wakisema itachoka yenyewe iende zake.

Mwanahija naye alikuwa mtu wa maneno machache na mishono mingi. Alifiwa na mama angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwanvita, ambaye ndiye aliyemtia sindano mkononi na kumfundisha kushona kofia za viua, zile ambazo kila kitundu chake huzungushwa uzi mpaka kiwe kama jicho la samaki. Kisha Bi Mwanvita akaolewa mjini Bagamoyo, akahama, akawa mwanamke wa nyumba ya mawe. Na habari ya posa ilipomfikia huko, hakuja arusini. Alituma ujumbe tu, nao ulikuwa mfupi kama kofi:

“Nimesikia kijana huyo ana maneno kuliko mtama. Baada ya fungate mleteni nimwone. Nikimridhia nitampa radhi zangu. Nisipomridhia nitampa chakula tu.”

Ujumbe huo ulimchoma Mwanahija, kwani duniani hapakuwa na mtu ambaye yeye alitamani radhi zake kuliko za shangazi huyu. Akamshonea mumewe kofia ambayo Miono haijapata kuona mfano wake, viua ndani ya viua, nyota ndani ya mwezi, kila fundo kama alivyofundishwa na Bi Mwanvita. Akamvika siku ya arusi. Na ilipokwisha fungate, akamwambia, “Mume wangu, tutakwenda mjini, tutatembea, tutaona bahari. Lakini kwanza tutakwenda kwa shangazi. Wewe utaingia na kofia hii kichwani, nawe utasema maneno machache.”

“Machache!” akajibu Mwinjuma. “Naapa, mke wangu, nitasema machache kiasi ambacho…” na yale yaliyofuata baada ya hapo yalichukua muda wa kupika wali.

Wakashika njia. Mwinjuma akasema kutoka Miono hadi mto Wami, akasema ndani ya mtumbwi, hata viboko wakazama kwa kuchoka. Akasema hadi Ruvu, akavushwa Ruvu akisema. Na asubuhi moja, jua likiwa halijapata ukali, maharusi wakauingia mji wa Bagamoyo.

Lo! Nani atausifu mji ule kama ulivyokuwa! Kuta nyeupe za mawe na chokaa zilizomuumiza mtu macho. Milango mipana iliyochongwa maua. Harufu ya sandarusi, ya papa mkavu, na ya kahawa iliyokuwa ikichemka kwenye buli la Ausi muuza kahawa, ambaye aligonganisha vikombe vyake mtaani kana kwamba anatangaza vita. Mwanahija akasimama mbele ya nyumba ya kwanza ya ghorofa, akainua uso.

“Mwinjuma, kule juu nako wanakaa watu?”

“Wanakaa.”

“Juu ya watu wengine?”

“Ndiyo.”

“Na wa chini hawalalamiki?”

Mwinjuma, ambaye alikuwa amejigamba njia nzima kwamba aujua mji huu kama kiganja chake, ilhali aliwahi kufika mara moja tu akiwa amebebwa mgongoni, akapanua kifua ili ajibu. Na hapo ndipo Majaaliwa yaliposhuka kutoka juu, yenye mbawa.

Katika ghorofa hiyo alikaa Bwana Bahadurali, mwenye duka la nguo na sufi la chini yake, pamoja na mkewe Bibi Dilshad. Nao walikuwa na kasuku aliyeletwa na msafara kutoka nchi za mbali za bara, ndege mwenye joho la majivu na mkia mwekundu kama kaa la moto. Nao wakamwita Nawabu, cheo cha watawala wa kwao, kwa kuwa alijiona. Asubuhi ile Bibi Dilshad alifungua kizimba ampe maji, naye Nawabu akapita juu ya mkono wake, akapita rosheni iliyochomoza juu ya mtaa, akauona mtaa wote umetandazwa chini yake kama sinia; na katikati ya sinia akaiona kofia ya Mwinjuma, nyeupe, imejaa vitundu vya kuchokolewa.

Akatua kichwani. Akaidaka. Akaruka. Mwinjuma alipopeleka mkono alishika nywele zake mwenyewe.

Ole wa siku ile! Mwanamume wa pwani bila kofia mbele ya wakwe ni sawa na msikiti bila mnara. Na saa ya chakula kwa Bi Mwanvita ilikuwa inakuja bila kungoja mtu. Mwanahija hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, “Kofia yangu,” na macho yake yakajaa, na Mwinjuma alipoyaona yale macho, bibi yangu asema, shingo yake ilirefuka kwa hasira.

Nawabu alikuwa ametua juu kabisa, kwenye ukingo wa dari, lile paa bapa la nyumba, kofia chini ya unyayo. Shujaa akatoka katikati ya mtaa, akainua mkono, akamhutubia:

“Ewe ndege wa majivu, ewe mwizi wa mchana! Wajua ni nani umemnyang’anya? Mimi ndimi Mwinjuma bin Mwinshehe, niliyewatoa ngedere Miono wakaenda kulalamika Lugoba! Nguruwe mwitu wakikisikia kikohozi changu hubadili njia! Teremka kwa amani, nami nitakusamehe; usipoteremka, nitakupandia huko huko, nikunyonyoe unyoya kwa unyoya, mpaka mama yako akuulize jina! Wasemaje?”

Nawabu akageuza kichwa upande. Akafikiri. Kisha akasema, kwa sauti ya Bwana Bahadurali mwenyewe anapomwondoa mteja msumbufu:

“Njoo kesho!”

Mtaa ukalipuka. Ausi akaweka buli chini ili acheke kwa mikono miwili. Wachukuzi wakasimama, wanawake wakafungua madirisha, na watu waliokuwa na shughuli wakagundua kwamba hawakuwa na shughuli. Kila walipocheka, Nawabu alinyanyua mguu mmoja, akainama, akasema tena, “Njoo kesho! Karibu, bwana! Njoo kesho!” nao wakazidi, naye akazidi.

Ndipo Mwinjuma akaanza shambulio la kwanza. Akavua kubadhi lake la kulia, akalipima, akalirusha. Likapaa kama tai, likakosa adui kwa upana wa kiwanja, likageuka, likashuka katika ungo wa embe mbichi zilizoanikwa na chumvi mbele ya duka, tayari kwa achari.

Bwana Bahadurali akatoka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu safi na heshima nyingi, na kubadhi alilishika kwa vidole viwili.

“Sabalkheri, bwana mgeni,” akasema. “Kiatu hiki kimeingia katika embe za mke wangu. Nauliza kwa wema tu: ndiyo salamu ya huko kwenu?”

“Bwana Bahadurali!” akapaza Ausi. “Tazama juu!”

Bahadurali akatazama juu, na rangi ikamtoka usoni. “Nawabu,” akanong’ona. “Ya Rabi. Nani kamfungulia Nawabu? Mgeni, tafadhali, usitupe kitu kingine! Akiogopa ataruka minazini, na akienda minazini harudi, na asiporudi mke wangu hatakula. Namjua. Hatakula.”

Hapo wakuu wawili wakatazamana, wa ufuta na wa sufi, wakaona ya kwamba adui wao ni mmoja, na kwamba hawawezi kumpiga wala kumwacha. Wakapeana mikono. Maagano mangapi ya masultani yamefungwa kwa nia isiyo safi kama ile!

“Mimi nitampandia polepole,” akasema Mwinjuma. “Nimepanda miti ya asali yenye nyuki ndani yake. Ndege mmoja ni nini?”

Ikaletwa ngazi ya mafundi chokaa. Shujaa akapanda, akiwa na kubadhi moja, akimsemesha ndege njia nzima kwa sauti ya kubembeleza, akimwita bwana mkubwa, akimwita jirani, akimweleza ubora wa ufuta wa Miono. Mtaa ukimshangilia kila daraja. Akafika. Akanyoosha mkono. Nawabu akautazama ule mkono kwa upole kama anayechagua tende, akachagua kidole cha kati, akakiuma.

Ukelele uliotoka pale, bibi yangu asema, wavuvi wa Kaole waliudhani tarumbeta. Mwinjuma akaiacha ngazi, naye alipoiacha, ngazi nayo ikamwacha; akaja chini kwa njia ya hewa, akatua ndani ya lundo la sufi iliyokuwa ikianikwa kando ya duka kwa ajili ya magodoro. Sufi ikapanda mawinguni. Ilipotua, alisimama mtu mweupe kuanzia utosi hadi nyayo, kama yangeyange mkubwa, akitema sufi na kusema, “Sijashindwa! Nimeteremka tu!”

Mtaa ukafurahi mpaka ukakaa chini. Lakini Mwanahija hakuwa akimtazama mumewe. Alikuwa akimtazama ndege, na akaona ambalo wengine hawakuliona: ya kwamba kila watu walipocheka, Nawabu aliinama akachokoa kiua kile kile cha kofia, akavuta uzi, akaunyanyua wauone. Aliona uzi ule ukipepea. Aliujua ni wa ua lipi.

Akamwendea Bwana Bahadurali, akainamisha kichwa. “Naomba ruhusa nipande ndani kwa bibi.”

“Pita, binti yangu. Ngazi iko nyuma ya marobota.”

Ngazi ya mawe ikampeleka juu gizani, akatokea katika chumba chenye mwanga mwingi, na kwenye mlango wa kutokea darini akamkuta Bibi Dilshad ameketi sakafuni, kizimba kitupu mapajani, machozi yakimshuka bila sauti. Naye alikuwa kijana, si mkubwa kwa Mwanahija kwa mengi.

“Hodi, bibi.”

“Karibu. Nisamehe. Ni mume wako yule aliyeanguka?”

“Ni wangu. Hakuumia. Angeumia, ningesikia kimya.”

Bibi Dilshad akacheka katikati ya machozi, akajifuta. “Nilipoletwa hapa kutoka Kachi, ng’ambo ya bahari,” akasema, “nilikuwa bibi arusi kama wewe. Sikujua Kiswahili hata neno. Mume wangu mwema, lakini mchana kutwa yuko dukani. Nikaletewa huyu ndege, naye hakujua lugha yangu. Tukajifunza pamoja, mimi na yeye, tukisikiliza mtaa kupitia dirishani. Wa kwanza kunijibu katika nchi hii ni yeye.”

Mwanahija akaketi kando yake. Hakuwa mtu wa kuharakisha sindano. Kisha akauliza, “Anapenda nini zaidi? Sukari?”

“Sukari haimsumbui. Anapenda watu. Anapenda wakimpigia kelele. Nikinyamaza mimi siku nzima, huja mwenyewe akanivuta sikio, kama anasema, amka, niambie jambo.”

“Basi,” akasema Mwanahija, “tumnyime.”

Akaenda kwenye rosheni, akaita chini kwa sauti ndogo, “Mwinjuma!”

“Labeka, mke wangu! Usihofu, nina mpango wa pili, nitachukua wavu wa—”

“Mume wangu, nisikilize. Mtaa wote unyamaze. Pasiwe na anayecheka, wala anayemtazama. Nawe unyamaze.”

Enyi wasikilizaji, mimi huwa nasimama hapa nivute pumzi. Nani aliyewahi kuunyamazisha mtaa wa Bagamoyo? Dhoruba imejaribu, na mtaa umeizidi kelele. Na Mwinjuma aliyeambiwa hivyo ndiye mtu ambaye kunyamaza kwake hakujapata kushuhudiwa. Alimtazama mkewe pale juu, macho yake bado mekundu, akafumba mdomo, akafanya kazi.

Akamwendea Ausi, akamshika mikono yenye vikombe, akavitoa kimoja kimoja, akaviweka chini juu ya jamvi. Akawaendea wachukuzi, kidole mdomoni, kidole kile kile chenye damu, nao wakanyamaza kwa kukiheshimu. Akawageuza watu mabega, mmoja baada ya mwingine, wakautazama ukuta. Bwana Bahadurali akaanza kukunja nguo kwa bidii ya mtu asiyeona kitu. Kelele ikashuka, ikashuka kama maji ya mtungi.

Mara, doo! Mwisho wa mtaa, ngoma! Msafara mzima kutoka Unyamwezi ulikuwa ukiingia, wapagazi na pembe mabegani, kengele zikilia, bunduki zikielekezwa juu kwa furaha ya kuona bahari. Na mbele yao kiongozi wao, manyoya kichwani na joho jekundu begani, akipiga hatua kama mwenye mji.

Mwinjuma akamkimbilia, mweupe wa sufi, kubadhi moja. Kiongozi wa msafara, ambaye alikuwa amepita katikati ya simba na majangwa, akasimama, kwa sababu hilo hakuwahi kuliona. Na Mwinjuma akasema naye kwa kunong’ona, maneno machache kuliko yote aliyopata kuyasema maishani:

“Ndugu yangu. Mke wangu ameshona kofia. Ndege ameichukua. Tukinyamaza, atarudi. Nakuomba.”

Kiongozi akamtazama. Akatazama darini, kisha akamwona yule mwanamke kijana kwenye rosheni ameshika ukingo kwa mikono miwili. “Mimi nami nina mke,” akasema. “Yuko Unyanyembe. Sijamwona tangu mvua zile.” Akainua fimbo yake. Ngoma ikakatika. Wenye kengele wakazishika ndimi za kengele. Na msafara ule mkubwa, ulioshuka kutoka kwenye maziwa ya bara kwa vishindo na nderemo, ukapita katika mtaa wa Bwana Bahadurali kwa ncha za vidole, pembe za ndovu zikielea hewani kama miezi michanga, pasipo hata kikohozi.

Nawabu juu ya dari akaona kinachotendeka, naye hakukipenda. “Njoo kesho!” akasema. Hapana aliyegeuka. “Karibu, bwana!” Hapana. Akapiga mluzi, akabweka kama mbwa, akakohoa kama mzee. Mtaa ukatazama ukuta. Ufalme wake ulikuwa umemhama akiwa bado juu ya kiti. Akaiacha kofia ukingoni, akazunguka mara moja hewani akitafuta walau mtu mmoja wa kumjali, akachagua kilichokuwa cheupe kuliko vyote. Akatua kichwani pa Mwinjuma.

Shujaa akafungua mdomo. Mbawa zikafunguka pia, tayari kwa minazi. Akaufunga mdomo, mbawa zikafungwa. Kule juu Mwanahija alikuwa ameshatoka darini na kuidaka kofia, na kwa mkono ulio huru akamwonyesha mlango wa duka: ingia, taratibu, umpeleke ndani. Hatua chache tu! Lakini mtu asizidharau hatua hizo. Mwinjuma alinyanyua mguu kama anayetembea juu ya mayai, na kila alipoushusha, Nawabu, kwa kuchoshwa na kimya, alimvuta sikio.

Na ni pale pale, katikati ya mtaa, alipotokea Bi Mwanvita.

Alikuwa amengoja wageni wake mpaka wali ukapoa. Akajitanda shuka jeusi, akatoka kuwatafuta. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya mkwewe, akamkagua kutoka kubadhi moja hadi kidole cha damu, hadi sufi, hadi kichwa kitupu, hadi kasuku.

“Wewe ndiye Mwinjuma?” akasema.

Kimya.

“Ala! Ndiye. Niliwaambia mimi, ndugu zangu, niliwaambia! Nimemlea mtoto yule kwa mikono hii. Nimemlisha nikalala na njaa. Homa zake nimezikesha mimi, hapakuwa na mwingine. Kisha aje kijana mwenye mdomo amchukue, aniletee mjini hivi, kichwa wazi, mwanasesere wa pamba? Umemweka wapi mwanangu? Ulimwahidi nini? Nijibu! Maana nimeambiwa huna ufundi mwingine!”

Bibi yangu asema mtaa mzima ulimwona Mwinjuma anavyopigana. Shingo ilimtetemeka. Maneno yalimjaa mashavuni kama karanga. Alikuwa na majibu, tena mazuri, tena marefu. Naye akayameza. Hata Nawabu alitulia, kwa kuwa hajapata kusikia sauti ya namna ile, akainamisha kichwa amsikilize vizuri bibi mkubwa. Na alipoona amemaliza, akamjibu:

“Njoo kesho.”

“Huyu hana adabu,” akasema Bi Mwanvita, akimkazia macho ndege. Kisha macho yakateremka kwa Mwinjuma, yakakaa. Machozi ya sikio lililovutwa yalikuwa yakimtoka shujaa, naye alikuwa amemwinamia mama mkwe kidogo sana, kiasi ambacho ndege angeruhusu. “Lakini wewe,” akasema taratibu, “nimekutukana mbele ya watu, na hukunijibu neno.”

Mwinjuma akapiga hatua. Na nyingine. Bi Mwanvita, bila kujua kwa nini, akampisha. Akaingia dukani, na Bwana Bahadurali akausukuma mlango, ukafungika. Na pale chini ya ngazi Bibi Dilshad, aliyekwisha kuteremka, akanyoosha mkono bila kusema kitu, na Nawabu akatoka kichwani pa Mwinjuma akauingia ule mkono, akampanda hadi begani, akajificha shingoni mwake. Bibi Dilshad akafumba macho.

Mlango ulipofunguliwa tena, mtaa ulipata ruhusa yake. Ngoma za msafara zikalipuka kule forodhani, bunduki zikapigwa, Ausi akagonga vikombe mpaka kimoja kikavunjika. Mwanahija akatoka, akambusu shangazi yake mkono.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Kumbe mumeo ni bubu? Kwa nini hamkunieleza? Ningemsema kwa upole.”

“Si bubu, shangazi. Angesema, ndege wa watu angepotea. Alijizuia.”

“Alijizuia,” akarudia Bi Mwanvita. “Nikisema mimi?”

“Ukisema wewe.”

Bi Mwanvita akanyoosha mkono, akapewa kofia. Akaigeuza karibu na jicho. Nyota moja ilikuwa imechokolewa nusu, uzi unaning’inia. Akauvuta ule uzi, haukutoka. Akauvuta tena kwa nguvu.

“Ndege ameng’ang’ana hapa, akashindwa,” akasema. “Fundo hili nani kakufundisha?”

“Wewe.”

Yule mama mkali akaulowesha uzi kwa mate, akaurudisha ndani kwa ukucha mpaka nyota ikawa nyota. Kisha akamwita mkwewe, akampangusa sufi kwenye nywele kwa upindo wa shuka lake, bila huruma, kama apangusavyo mtoto wake mwenyewe. Akamvika kofia kwa mikono yake miwili, akaisawazisha.

“Radhi zangu mnazo,” akasema. “Na sasa sema, mwanangu, maana naona utapasuka.”

Mwinjuma akasema! Akasema kutoka dukani hadi nyumbani kwa Bi Mwanvita, akasema juu ya wali uliopoa, na shangazi akamjibu neno kwa neno, kwa kuwa kumbe alikuwa wa ukoo huo huo wa ulimi, na ndiyo maana alimwogopa. Maharusi wakala siku zao mjini. Waliona bahari, Mwanahija akaionja, akasema mtu ameipika vibaya. Bibi Dilshad akawaletea halua, akakaa na Mwanahija rosheni alasiri nzima wakishona, na Nawabu kizimbani akiwaibia uzi.

Na wapagazi wa msafara ule, walipogeuka kurudi bara, walikuwa na mzigo mmoja usio na uzito, habari za siku ile. Kila kambi waliyowasha moto waliufungua. Ndege akakua. Alipofika Ruvu alikuwa tai; sijui alikuwa nini alipofika Unyanyembe. Basi Mwinjuma na Mwanahija walipofika kivukoni kurudi kwao, mwenye mtumbwi, akipiga kasia, akawapa habari: kwamba mjini Bagamoyo ametokea jemadari mmoja, amevaa nguo nyeupe tupu, ameusimamisha msafara kwa neno moja, tai ameshuka kutoka mbinguni akamtawaza, na tangu siku hiyo watu wa pwani wanahesabu miaka yao kwayo.

Mwinjuma akasikiliza hadi katikati ya mto. Hapo akashindwa. Akasimama ndani ya mtumbwi, mtumbwi ukayumba.

“Bwana,” akasema, “jemadari huyo ni mimi.”

Mwenye mtumbwi akamtazama, kofia, kifua, shingo, miguu. Akacheka kwa wema, akatikisa kichwa. “Keti, ndugu yangu, utatuzamisha. Wewe mrefu, sikatai. Lakini yule walisema ni mrefu zaidi.”

“Ni kweli,” akasema Mwanahija, akimvuta mumewe kanzu ili aketi karibu naye. “Siku ile alikuwa mrefu zaidi. Mimi nilikuwa juu, nilimwona vizuri.”